Chini ya Paa la Mkwe

Mkwe wa Barasa alifukiwa na theluji siku ya Jumanne, na kufikia Jumatano mchana mtaa wote wa Kibomet, pembezoni mwa mji wa Kitale, ulikuwa umeshajua kwamba mlima umemwangukia akiwa kazini. Habari hiyo ilikuwa ya kweli, isipokuwa neno la mwisho.

Nelima, binti wa Barasa, aliyepiga simu kutoka kijiji chao cha milimani huko Austria, hakusema kazini. Alisema kwamba theluji mpya ilikuwa imeanguka, na kwamba asubuhi Lukas, mumewe, alipanda juu na rafiki yake, wakatoka nje ya njia iliyowekewa vijiti, wakateleza mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amepita, na ubavu wa mlima ukakatika juu yao. Lukas alichimbuliwa baada ya dakika ishirini, mfupa wa paja umevunjika na mbavu tatu zimepasuka. Rafiki yake alichimbuliwa baada ya saa moja. Kuhusu rafiki, Nelima hakueleza zaidi, na mama yake hakuuliza. Nyuma ya sauti yake mtoto mchanga alikuwa akilia. Alikuwa na umri wa siku kumi na moja.

Barasa, karani mstaafu wa idara ya maji na mzee wa kanisa, alikuwa ameiweka simu juu ya meza, sauti imefunguliwa, kalamu mkononi kana kwamba anachukua maelezo ya mteja.

“Walikuwa wanaenda wapi?” aliuliza.

“Chini, Baba.”

“Chini wapi?”

“Chini tu. Unapanda na kile kiti cha waya, halafu unateleza mpaka chini.”

“Halafu?”

“Halafu unapanda tena.”

Barasa aliiangalia kalamu yake. “Na hivyo vijiti viliwekwa na nani?”

“Watu wa kijiji. Wanaweka ndiyo mtu asipite kwingine, kuna hatari.”

“Na yeye akapita kwingine.”

“Ndiyo, Baba.”

“Alikuwa anakimbizwa na nani?”

Nanyama, mdogo wa Nelima, aliyesuka watu nywele mjini na ndiye pekee katika nyumba ile aliyeelewa simu, akaiondoa simu kwenye spika na kutoka nje nayo. Alirudi na video ambayo Lukas mwenyewe aliichukua mwezi wa Desemba kwa kamera iliyofungwa kichwani. Wazazi wake waliitazama mara tatu. Ilionyesha ncha za mbao mbili za kutelezea ziitwazo skii, weupe usio na mwisho, na pumzi ya mtu mwenye furaha kubwa sana.

“Hata kelele anapiga,” alisema Phelista, mama yao.

“Ni furaha, Mama.”

“Naona.”

Jumapili, mchungaji alimwombea mkwe wa Mzee Barasa, aliyeangukiwa na mlima akiwatafutia jamaa zake riziki. Barasa, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kuacha kosa la hesabu katika taarifa ya kanisa, aliinuka nusu kwenye benchi ili arekebishe. Kisha akakumbuka kwamba kurekebisha kungemlazimu kueleza, akaketi. Baada ya ibada, kikundi cha akina mama kilikuja nyumbani na sukari kilo mbili na majani ya chai. Barasa aliipokea sukari hiyo kwa mikono miwili, macho yake yakiwa sakafuni.

*

Tiketi ya Phelista ilikuwa ya Alhamisi ya wiki iliyofuata. Visa ilikuwa imepatikana Novemba, baada ya safari tatu za Nairobi na picha iliyokataliwa mara mbili kwa sababu kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefunika masikio. Alikuwa aende kumtunza bintiye aliyejifungua, kama mama yeyote anavyokwenda.

Mila nayo ilikuwa imeshapatanishwa na safari hiyo. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja huchepuka, na chini ya paa moja hawalali kamwe. Nelima alikuwa ameliona jambo hilo mapema. Kwa miezi mitatu ya ugeni wa mama yake, Lukas angelala katika karakana ya kaka yake, ng'ambo ya barabara, pamoja na misumeno na mbao za useremala wao. Makokha, kaka mkubwa wa Barasa aliyeishi kwenye boma la ukoo huko Misikhu, alilikubali pendekezo hilo, hata akamsifu Lukas kuwa ni mzungu aliyelelewa na watu.

Sasa mzungu huyo alikuwa kitandani, paja limeshikiliwa na vyuma, hawezi kufika chooni bila kushikwa kwapa, seuze kuvuka barabara yenye theluji ya kiuno.

“Mimi binafsi sina shida,” Barasa alisema Jumapili hiyo baada ya wageni wa sukari kuondoka. “Haya ni mambo ya kale. Nimehubiri hata madhabahuni.”

“Basi nitaenda.”

“Sijasema uende. Nimesema sina shida. Lakini Makokha ni mkubwa wangu, na amepiga simu. Ati tufike Misikhu kesho.”

“Kufanya nini?”

“Kuongea.” Barasa alivua miwani na kuifuta. “Mama Nelima, wewe unajua hii boma. Ukienda hivi hivi, ukirudi, mtoto wa mtu akiugua, ni wewe. Mvua ikikosa, ni wewe. Ng'ombe ikitupa mimba, ni wewe.”

“Na ikizaa mapacha?”

“Hiyo ni Mungu.”

Jumatatu alfajiri Phelista alipita sokoni kwanza. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameuza mboga za kienyeji kando ya Jepkosgei, mwanamke wa kutoka mteremko wa Mlima Elgon aliyeuza viazi na maneno makali, yote kwa bei nzuri.

“Nimesikia mkwe wenu analipa ndiyo abebwe juu aanguke,” Jepkosgei alimpokea.

“Analipa kiti cha waya. Kuanguka ni bure.”

“Ooi! Kwetu mtu alikuwa anapanda mlima kutafuta ng'ombe iliyopotea. Na alirudi na ng'ombe.” Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha mzaha. “Msichana anaendeleaje?”

Phelista alishusha sauti. “Alipasuliwa. Hii mtoto haikuzaliwa kawaida. Sasa anainua mwanaume mkubwa vile, anainua mtoto, anatoa theluji mlangoni na koleo. Jana ameniambia kidonda kimeanza kutoa maji.”

“Na Mzee anajua?”

“Hajauliza. Wanauliza tu habari ya paa.”

*

Kikao kilifanyika chini ya turubai lililobaki kutoka kwa mazishi ya jirani. Wanaume walikuwa watano, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Phelista na Nakhungu, mke wa Makokha, waliketi kwenye mkeka, mbali kidogo, umbali ambao mtu huweza kusikia kila kitu bila kuhesabiwa kuwa yupo. Nanyama alisimama nyuma yao akilinda chaji ya simu.

“Mulembe,” Makokha alianza kwa salamu ya kwao, akaitikiwa. Alikuwa mzee mrefu, mwenye koti la suti lisilo na suruali yake. “Tumeitana kwa sababu ya mama huyu. Hakuna mtu anakataa aone mjukuu. Mjukuu ni wetu. Lakini njia ya kwenda kwa mkwe ina alama zake. Wazee waliziweka, si kwa kucheza. Anayetoka nje ya alama, tumeona juzi vile inakuwa.”

Wanaume walikubaliana kwa kuguna. Phelista aliangalia mikono yake. Alikuwa anajadiliwa kama gunia lililozuiwa pale mpakani Lwakhakha, kila mmoja akikisia ushuru wake.

“Na asipoenda, nani atamshika msichana?” aliuliza Barasa, akijaribu kuwa upande wa mkewe bila kuonekana amehama upande wa kaka yake.

“Hapo nimefikiria.” Makokha alinyoosha kidole taratibu. “Enda wewe.”

“Mimi?”

“Baba mkwe hazuiwi na paa. Wewe lala popote. Tiketi iko, ndege iko.”

Wazo hilo liliwapendeza wote kwa namna ambavyo wazo zuri huwapendeza watu ambao halitawagusa. Mmoja alisema Barasa anajua Kiingereza. Mwingine alisema baridi ya huko haimshindi mwanaume. Kwa muda wa robo saa walimpanga Barasa: koti atavaa la nani, ng'ombe wake atakamuliwa na nani, akifika atamsalimuje kaka yake Lukas.

“Ataogesha mtoto?” sauti ya Nakhungu ilitoka mkekani.

“Maji ni maji,” alisema Makokha.

“Huyu? Huyu alichemsha maji mwaka jana kwa mazishi ya mama, sufuria ikatoboka.”

Nanyama aligeuka kando akaficha kicheko ndani ya leso. Phelista ndiye aliyemaliza mjadala, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba kifungo cha shati kimefunguka.

“Visa iko na jina yangu,” alisema. “Na picha yangu. Masikio zote mbili zinaonekana.”

Kati ya wanaume watano, hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba ruhusa hiyo ilikuwa ya mtu fulani.

“Basi iahirishwe,” Makokha alisema hatimaye. “Kijana apone, ahame nyumba, ndiyo mama aende.”

“Kijana atapona Aprili. Kidonda ya Nelima haingoji Aprili.” Phelista sasa alikuwa amesimama. Sauti yake haikupanda. “Wazee wangu, samahani nikiongea. Mtoto wangu amepasuliwa tumbo, na hiyo tumbo inatoa maji, na anabeba mwanaume. Mama ya Lukas alishakufa. Mke ya kaka yake anafanya kazi hoteli, hii ndiyo miezi ya wageni, anakuja Jumatatu pekee. Mimi siendi kulala kwa mkwe. Mimi naenda kushika mtoto wangu asikufe.”

Barasa alimtazama mkewe. “Hukuniambia habari ya tumbo.”

“Hukuuliza.”

“Mama, tunaelewa,” alisema Makokha, na kweli alionekana kuelewa, jambo ambalo liliufanya uso wake uzeeke. “Lakini mila si yangu. Mimi ni askari wake tu.”

“Askari!” Nakhungu alicheka peke yake. “Na ulipotibiwa macho Nairobi, ulilala kwa nani wiki kumi na moja? Si kwa msichana wako, kwa sofa ya mkwe? Ulikula mayai yake kila asubuhi, ukarudi hapa ukisema ati yalikuwa madogo.”

“Hiyo ni tofauti.”

“Tofauti gani?”

“Mimi ni mwanaume.”

“Ndiyo nauliza, tofauti gani?”

Wazee wengine wakagundua kwa ghafla kwamba turubai lilikuwa na matundu, wakayakagua. Makokha alivuta koti lake. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mjinga. Alikuwa amelitunza jambo ambalo kila mtu alilidharau mdomoni na kuliogopa moyoni, na alijua kwamba siku akilegeza fundo moja, wangemletea kamba nzima. Lakini alijua pia maana ya kidonda kinachotoa maji. Dada yake alikufa kwa kidonda kama hicho, huko Bumula, watu wakiwa bado wanajadiliana.

“Huyo msichana apigiwe,” aliamuru. “Nataka kuona hiyo nyumba. Siwezi kuhukumu kitu sijaona.”

Nanyama aliunganisha video, akaishika simu mbele ya mzee. Uso wa Nelima ulitokea, umekonda, na mtoto amefungwa mgongoni kwa leso juu ya koti zito. Makokha alimsalimia, akamuuliza hali, akamsikiliza. Kisha akasema, “Toka nje, mayi, mama yangu. Nionyeshe paa.”

“Paa, Papa?” Nelima alimuuliza baba yake mkubwa.

“Paa ya nyumba. Ndiyo kesi yetu.”

Nelima alitoka. Walisikia theluji ikilia chini ya viatu vyake na pumzi yake ikikatika. Alikwenda hatua chache, akageuka, akainua simu. Wanaume watano waliinama pamoja. Walichokiona ni mwinuko mweupe, mkubwa, laini kama unga uliomwagwa, na chini yake mstari mdogo wa ukuta wa mbao wenye dirisha moja lililowaka taa mchana.

“Hiyo ni nini?” aliuliza Makokha.

“Ndiyo nyumba.”

“Mimi naona kilima.”

“Ni theluji, Papa. Imefunika.”

“Yote?”

“Yote. Haitoki mpaka Aprili, karibu Mei.”

Makokha aliitazama picha ile kwa muda mrefu sana. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Kisha akajiegemeza kwenye kiti chake cha plastiki, na wale waliomjua waliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo bila kuonekana ameuangusha.

“Mila inasema paa moja,” alitangaza. “Haisemi kilima. Mimi nimeangalia na macho yangu, yaliyotibiwa Nairobi, na sijaona paa. Kuna mtu ameona paa hapa?”

Wazee walishauriana kwa macho. Hakuna aliyekuwa ameona paa.

“Naona bomba ya moshi,” alisema Nakhungu, aliyekuwa amejongea.

“Bomba si paa. Keti chini, mwanamke, kabla uharibu safari ya mwenzako.”

Kwa kuwa hukumu isiyo na masharti huonekana kama msamaha, na msamaha hauna heshima, Makokha aliagiza simu ipelekwe kwa Lukas. Lukas alikuwa amelala chali, uso wake una madoa ya njano, ndevu hazijanyolewa. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye kozi ya jioni kwa miaka miwili, na Kiswahili chake kilikuwa sanifu kuliko cha wote waliokuwa chini ya turubai.

“Shikamoo, Mzee Makokha,” alisema.

Makokha, ambaye hakuna mtu Misikhu aliyewahi kumpa shikamoo, alichelewa kujibu. “Marahaba. Pole na kuanguka. Sasa sikiza. Mama anakuja. Hutamshika mkono.”

“Sitamshika mkono.”

“Hutakula mahali anakula.”

“Sitakula mahali anapokula.”

“Na mahali amekaa, wewe hupiti. Akikaa huku, unazunguka. Kama hakuna pa kuzunguka, unangoja.”

“Mahali alipoketi sitapita,” alisema Lukas kwa unyenyekevu wa mtu ambaye kwa wakati ule hakuweza kupita popote. “Naapa.”

Makokha akamgeukia Nelima, aliyekuwa ameishika simu upande ule. “Na huyu, akiwekewa alama, anazifuata?”

Nelima aliangalia kwanza upande wa kitanda.

“Atafuata,” alisema Nelima.

*

Phelista aliondoka Alhamisi. Kidonda kilifunga katikati ya Februari. Mtoto alianza kucheka Machi. Barasa alijifunza kupika ugali ambao Nanyama aliuita wa idara ya maji, kwa sababu ya wingi wa maji. Alimkumbuka mkewe kwa namna ambayo hakuitarajia. Hakukumbuka chakula chake kama alivyokumbuka majibu yake. Alihesabu wiki hadi tarehe ishirini na tatu Aprili, siku ya kurudi kwake, lakini aliwaambia watu kwamba hakuwa amezihesabu.

Wiki ya kwanza ya Aprili, mvua ikiwa imeanza na Trans-Nzoia yote imeinama shambani, simu yake iliita akiwa anapukuchua mahindi mlangoni. Alikuwa Lukas, kwa video, amesimama kwa miguu yake miwili na fimbo moja.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, marahaba!” Barasa alilipenda neno hilo kupita kiasi. “Naona umesimama.”

“Nimesimama tangu wiki jana. Baba, naomba msaada wako. Tafadhali mwambie Mama aondoke mlangoni.”

“Mlango gani?”

Lukas aligeuza simu. Palikuwa na ukumbi mwembamba wa mbao, na mwisho wake mlango ulio wazi wa chumba kidogo, na ndani ya chumba hicho skii zimesimama ukutani kwa jozi. Kwenye kizingiti, juu ya kigoda, ameketi Phelista. Alivaa sweta mbili na kitambaa chake cha kichwa, miguu ameinyoosha kutoka mwimo mmoja wa mlango hadi mwingine, na mapajani ameweka sinia ya maharagwe. Alichambua bila haraka, kama anavyofanya mtu ambaye soko lake halifungwi.

“Amekaa hapo siku sita,” alisema Lukas. “Anakuja kabla sijaamka. Akiondoka kwenda kula, Nelima anafunga mlango na ufunguo anampa Mama. Mimi niliapa, Baba, siwezi kumruka. Wala hatuzungumzi. Nimemwomba Nelima aseme naye, Nelima anasema haya ni mambo ya wazee.”

“Na unataka nini huko ndani?”

“Vifaa vyangu. Juu bado kuna theluji nzuri, Baba, ya mwisho ya mwaka. Siku tatu, labda nne. Nitakwenda polepole.”

“Daktari amesema nini?”

“Amesema bado kidogo.”

“Kwa njia yenye vijiti?”

Lukas alitazama kando. Mlimani hakuwahi kukitii kijiti hata kimoja. Hapa alikuwa amesimama siku ya sita mbele ya miguu miwili iliyonyooshwa, yenye soksi za sufu, na hakuthubutu.

Barasa alisogeza ungo wa mahindi. “Yule mwenzako wa mlimani,” alisema. “Alikuwa na mke?”

“Ndiyo.”

“Anaendeleaje?”

Nyuma ya Lukas sauti ya Phelista ilisikika, ikielekezwa kwa simu na si kwa mtu.

“Baba Nelima, uko?”

“Niko, Mama Nelima.”

“Mwambie mkwe wako yule mjane anakuja hapa kila Alhamisi. Anakaa kwa kiti cha jikoni. Hakuli, haongei. Anaangalia tu hii mbao zake za kuteleza.”

“Amesema—” alianza Barasa.

“Nimesikia, Baba,” alisema Lukas kwa sauti ndogo. Kisha, kama mtu aliyeona mwanya, “Lakini maharagwe hayo, Baba, ni ya dukani. Yamesafishwa kwa mashine. Hayana jiwe hata moja. Anachambua nini?”

Kwa sentensi moja Barasa angeweza kumfungulia. Alikuwa mtu wa kitabu, mzee wa kanisa, na kwa miaka thelathini alikuwa akiwaambia watu madhabahuni kwamba desturi hizi ni kivuli kisicho na mwili. Mkwe wake angemwamini mara moja. Alikuwa amesimama pale akiingoja sentensi hiyo. Kigoda kingeondolewa, kijana angefurahi, na huenda Phelista, akikosa kazi ya kulinda, angebadilisha tarehe na kurudi nyumbani mapema. Barasa aliitazama sufuria yake jikoni. Alimtazama mkewe kwenye kioo cha simu, ambaye hakuwa ameinua macho.

“Mwanangu,” alisema kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani dirishani, kwa wateja waliotaka maji siku hiyo hiyo, “desturi ni nzito. Mimi ni mtu mdogo sana kwa jambo hili. Itabidi nimwone Mzee Makokha.”

“Utamwona lini?”

“Lazima kiitwe kikao.”

“Kesho?”

“Kesho! Huku tunapanda, bwana. Mwezi wa kupanda wazee hawakai. Kila mtu yuko shambani.”

“Na kupanda kunaisha lini?”

Barasa aliutazama mstari wa udongo mweusi nyuma ya nyumba, uliokuwa umeshapandwa wote tangu Jumamosi.

“Hiyo theluji yenu inaisha lini?” aliuliza.

“Mwisho wa mwezi.”

“Basi ni hapo hapo. Mwisho wa mwezi.” Akakohoa. “Mama Nelima.”

“Niko.”

“Hiyo tiketi yako ya tarehe ishirini na tatu. Inaweza kusongeshwa?”

Phelista aliinua macho kwa mara ya kwanza, akayaelekeza kwenye simu, akamtazama mume wake kwa muda. “Visa inaniruhusu mpaka ishirini na nane,” alisema. “Na wewe, unakula?”

“Tunakula. Keti tu.”

Lukas alibaki ameishika simu kati ya watu hao wawili kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa wenyewe. Phelista akaokota punje ya mwisho, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaridhika nayo. Kisha akazimimina zote pamoja tena kwenye sinia, akazichanganya kwa kiganja, akaanza upya.